Diski imechakaa, sasa nifanyeje? Maswali ya wagonjwa wa mgongo

Ninafanya kazi ya fiziotherapia hapa Busia, upande wa Uganda. Mgonjwa wa mgongo namtambua akiwa bado mlangoni: mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kavera nyeusi, yaani mfuko wa plastiki, yenye picha ya eksirei iliyokunjwa hadi ikapata mistari. Anakaa kwa kujipima, tako moja kwanza, halafu anaanza kuuliza. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila wiki.

Daktari, nimeambiwa diski zangu zimechakaa. Diski ni kitu gani?

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangana, na kati ya pingili na pingili kuna diski. Kwa jumla ziko 23. Ukitaka kujua zimeumbwaje, kata mgomba kwa panga: utaona magome yamezungukana tabaka kwa tabaka, na katikati kuna moyo wenye maji. Diski nayo ni nyuzi ngumu kwa nje, ndani ute mzito. Ute wa kijana ni maji kwa karibu asilimia 80. Miaka ikienda maji yanapungua, diski inanywea, nyuzi zinapata nyufa. Huko ndiko kuchakaa kunakotajwa kwenye ripoti.

Hata ndani ya siku moja diski hubadilika. Jioni wewe ni mfupi kuliko ulivyoamka, kwa sentimita moja hivi, kwa sababu uzito wa mchana umezikamua. Ukilala zinanywa maji tena. Na jambo moja ulishike, maana tutalirudia: diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu. Chakula chake kinapenya polepole kutoka kwenye mifupa jirani, na kubanwa na kuachiwa kwa mwendo wa mwili kunasaidia.

Basi maumivu yangu yanatoka hapo?

Huenda. Huenda pia sivyo. Eksirei yenyewe haionyeshi diski; inaonyesha mifupa na nafasi iliyo katikati. Hata kipimo cha MRI, kinachoiona diski vizuri, kinaweza kukutisha bure. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo kabisa. Wenye miaka 20, asilimia 37 walikutwa na diski zilizochakaa. Wenye miaka 80, asilimia 96. Yaani majirani zako wanaolima tangu alfajiri bila kulalamika, wengi wao wakipigwa picha watapewa ripoti kama yako.

Mimi huona neno "mgongo umekwisha" linalemaza watu kuliko diski yenyewe. Mtu akiambiwa hivyo anaacha kuinama, anaacha kubeba hata mjukuu, misuli inalegea, na hapo ndipo mgongo unaanza kumsumbua kwelikweli.

Kama si diski, ni nini?

Kwa wagonjwa tisa hivi kati ya kumi, hakuna anayeweza kuweka kidole mahali pamoja akasema ni hapa. Ni misuli, kano, viungo vidogo vya nyuma ya pingili, pengine na diski kidogo. Maumivu haya hufuata mwendo: yanazidi ukiinama, ukibeba au ukikaa sana, yanapungua ukibadili mkao.

Yakishuka chini ya goti kama shoti ya umeme, pamoja na ganzi mguuni, hiyo ni neva, yaani mshipa wa fahamu. Mara nyingi ute umepenya kwenye nyuzi na kuigusa, hasa kwenye diski mbili za mwisho. Hata hao wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu, na ute uliotoka mara nyingi mwili wenyewe huunyonya.

Nilale kitandani mpaka nipone?

Siku moja, mbili zikizidi. Kumbuka diski inavyolishwa. Anza na kutembea dakika kumi asubuhi na kumi jioni, hata kama panauma kidogo, kisha ongeza. Mwaka 2024 Australia walitoa matokeo ya utafiti wa watu 701 waliokuwa wametoka kupona mgongo. Nusu ya waliopewa mpango wa kutembea walikaa angalau siku 208 kabla maumivu hayajawarudia. Wenzao ambao hawakupewa, siku 112. Na kutembea hakuna risiti.

Mimi nabeba magunia mpakani. Niache kazi?

Sitamwambia mtu aache kazi inayolipa karo. Lakini gunia la kilo 100 si mzigo wa mtu mmoja, na hilo mgongo hauhitaji ripoti kulijua. Ukiwa na maumivu, omba mwenzako mshikane, au tumia toroli, wiki chache tu. Mzigo uusogeze tumboni kabla ya kuinuka, na usijipinde kiuno ukiwa umeushika. Geuka kwa miguu.

Mama wa maji, jerikani ya lita 20 ni kilo 20 kamili, na hatari kubwa iko pale unapoitoa chini hadi kichwani. Beba mbili za lita 10, au uiweke kwanza juu ya kisiki. Mkulima, jaribu jembe lenye mpini mrefu. Na nyie wa boda boda, mnaokaa juu ya mtikisiko tangu asubuhi, shukeni kila mnapongoja abiria. Msilale juu ya pikipiki.

Sindano, na ule mkanda wa kiuno?

Dawa kama diklofenaki, ambayo ndiyo mara nyingi huchomwa kwa sindano, na ibuprofeni hupunguza maumivu kwa siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, presha au ujauzito asizinunue bila kumuuliza mtaalamu. Kuhusu mkanda, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023 wa maumivu sugu ya mgongo, lilishauri usitumike kama tiba ya kawaida.

Ni lini niogope?

Maumivu yakikuamsha usiku na hayajali mkao, ukiwa na homa, jasho la usiku au unakonda, nenda ukapimwe. Kifua kikuu huingia hata kwenye pingili bila kikohozi, na wakati mwingine huacha kinundu mgongoni. Dawa zake hutolewa bure, lakini ni za miezi mingi. Anayekunywa maziwa mabichi amtajie daktari, kwani brusela, ugonjwa wa mifugo, nayo hushika mgongo. Aliyeanguka vibaya, au aliyewahi kuugua saratani, asingoje pia.

Na ukiona miguu inalegea, mkojo umegoma kutoka au unatoka wenyewe, au ganzi imeshika sehemu za siri na pale unapokalia, neva za chini zimebanwa. Usinisubiri mimi Jumatatu. Tafuta gari, uende hospitali kubwa usiku huohuo.