Saa mbili ya nani? Maegesho na kushusha mizigo katikati ya Dodoma

Fuso likisimama mbele ya duka la jumla kule Madukani, dereva hazimi injini mpaka utingo ashuke, achungulie chini na kumhakikishia kwamba tairi la nyuma halijakanyaga mfuniko wa mtaro. Mifuniko ile ya zege kila mwenye duka humwaga wake, na nondo zilizomo anazijua yeye na fundi wake tu. Wakisharidhika, turubai linafunguliwa, makuli wanne wanavua mashati, mwenye duka anatoka na daftari. Kuli mwenye mfuko wa kilo 50 shingoni hatembei. Anakimbia, kwa hatua fupifupi, maana akienda polepole mzigo unamzidi.

Tupige hesabu kidogo. Tani 7 za sukari ni mifuko 140. Kwa makuli wanne, kila mmoja ana safari 35. Fuso likiwa mlangoni pa duka, kwenda na kurudi ni kama dakika moja, kwa hiyo nusu saa na ushee kazi imekwisha. Sasa tuseme mlangoni pana IST, gari dogo la mtu aliyeingia benki, na fuso limelazimika kusimama mbali kidogo. Safari inakuwa dakika tatu. Kazi ileile inakula saa moja na dakika 45, fuso likiwa limeziba nusu ya barabara muda wote huo, daladala zikipiga honi, na makuli wakidai nyongeza, ambayo ni haki yao. IST ile imelipa ushuru wake halali. Kwenye vitabu vya mapato mtaa huo unafanya vizuri.

Mimi kazi yangu ni mipango ya usafiri mijini. Kwa lugha ya mtaani, ninalipwa kuhesabu magari yaliyosimama. Kila kanuni za maegesho zinapoguswa napigiwa simu na ndugu, na wenye maduka, na hata kinyozi wangu, wote wakiuliza jambo moja: bei itapanda? Bei ni swali la halali, ila si la kwanza. Mimi nikipokea rasimu ya kanuni naanza kutafuta saa. Inasema saa ngapi mpaka saa ngapi, na kwa nani? Mita sita zile za ukingo wa barabara alfajiri ni za mwenye fuso, saa nne asubuhi ni za mteja, Ijumaa mchana ni za waumini, na usiku ni za mama anayekaanga chipsi. Kanuni inayozigawa kwa mita peke yake, bila kuzigawa kwa saa, imeandikwa nusu.

Dodoma ina sababu za kulihisi jambo hili kuliko miji mingi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika wilaya hii. Ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179. Katikati hapo serikali ilitangaza kuhamia rasmi (2016), CDA, mamlaka iliyokuwa ikiustawisha mji huu kama makao makuu, ikavunjwa (2017), na manispaa ikawa jiji (Aprili 2018). Mitaa ya katikati ya mji, iliyopimwa enzi ambazo stesheni ya reli ndiyo ilikuwa kila kitu, haikuongezeka upana hata futi moja. Ni kweli Soko Kuu la Job Ndugai na stendi kuu ya mabasi vimepelekwa Nzuguni, na hilo limesaidia sana, kwani malori ya mazao na mabasi ya mikoani hayana tena sababu ya kuingia mjini. Lakini maduka ya jumla, ya vifaa vya ujenzi, ya vitambaa na ya vipuri hayakuhama, na kila kinachouzwa humo lazima kwanza kishushwe.

Halafu kuna msimu wetu wa pekee. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la bajeti likiwa linaendelea, mji unajaa magari yenye namba za STL, SU na DFP, yaani ya serikali, ya mashirika ya umma na ya miradi ya wafadhili, mengi yakiwa makubwa, madereva wakiwa ndani, viti wamelaza, wanamsubiri bosi. Gari lenye dereva ndani ni mtihani kwa mkusanya ushuru, kwa sababu dereva atasema hajapaki, amesimama tu. Vijana wa maegesho wameshajifunza: kila mtu wanamwita mheshimiwa, halafu wanapiga picha namba ya gari. Ninachotaka kusema ni kwamba hesabu ya magari iliyofanywa Februari haifai kutungia kanuni itakayofanya kazi Mei. Nimeona ripoti nzuri, zenye ramani za rangi, zilizotokana na siku mbili za kuhesabu wabunge wakiwa majimboni.

Kabla sijaendelea, tuweke sawa nani ni nani, maana lawama nyingi hupelekwa mlango usio wake. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na hifadhi yake kwa barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara tangu sheria ya 2007 ianze kufanya kazi. Barabara za mitaa ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanzishwa 2017. Jiji linatunga sheria ndogo na lina leseni za biashara na masoko. Trafiki anasimamia Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, na gari lililoziba njia ni lake hata kama limelipiwa ushuru. Kwa hiyo mtaa mmoja unaweza kuwa na kibao kimoja, mistari iliyochorwa na mwingine, na askari anayefuata kitabu cha tatu. Ukiona kanuni mpya, soma kwanza inataja mitaa ipi. Nusu ya ugomvi huishia hapo.

Sasa turudi kwenye saa. Nafasi moja ya gari inayokaliwa na mwenye duka mwenyewe kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni imehudumia mtu mmoja. Ikiwekewa kikomo cha saa moja, inaweza kuhudumia kumi. Wenye maduka hunikatalia sana hapa mpaka niwaulize gari lililo mbele ya duka ni la nani. Mara nyingi ni la kwao, au la jirani. Mama mmoja muuza vitenge alinijibu bila kupepesa: "Mwanangu, nikiliweka mbali nitalionaje?" Nikamwelewa, kwa kuwa betri na vioo vya pembeni vya magari huibwa kweli. Lakini mteja wake aliyezunguka mara tatu akakosa pa kusimama ameshakwenda kununua soko la Sabasaba.

Donald Shoup, profesa wa mipango miji aliyefundisha Los Angeles na kufariki mwaka 2025, alitumia maisha yake kueleza kwamba bei sahihi ya maegesho ni ile inayoacha takribani asilimia 15 ya nafasi wazi, yaani moja kati ya saba hivi, ili anayefika asizunguke. Kipimo hicho kinafaa hata hapa, ila kwa magari ya abiria tu. Lori halipangiki kwa bei. Mwenye sukari atalipa ushuru wowote, kisha ataupandisha kwenye kilo ya sukari, na fuso litaendelea kuja saa ileile mbaya. Lori linapangwa kwa saa.

Ndiyo maana nasema sehemu ya kushushia ipangwe kwanza, magari madogo yapewe kinachobaki. Wengi hufanya kinyume: wanachora nafasi za IST mtaa mzima, halafu wanakumbuka mzigo, wanaacha kipande kimoja kwenye kona, pale ambapo gari halitakiwi kusimama kabisa kwa sababu linamficha mtu anayevuka kwenye pundamilia. Au wanachora nafasi ya mita sita. Kirikuu chenye mita tatu na nusu hivi kinaingia vizuri. Fuso lenye mita nane au tisa linaacha mkia barabarani, na bado hujahesabu mlango wa nyuma ukifunguka na kuli anayehitaji kusimama apokee mzigo. Mimi huwa nachukua urefu wa lori nikaongeza mita tatu, halafu naenda mwenyewe kukagua mfuniko wa mtaro. Ukivunjika mvua za Januari zikiwa zimeanza, mtaro unaziba na maduka matatu yanaingia maji.

Bajaji, toyo na bodaboda nitazipitia haraka. Zipewe kijiwe chenye mstari wake kila baada ya mitaa miwili mitatu, la sivyo zitajipangia zenyewe, na zinajipangia vizuri kuliko sisi. Nafasi za watu wenye ulemavu ziwe karibu na mlango wenye ngazi chache, si karibu na choo cha ofisi. Mistari ya njano, kwa vumbi letu hili jekundu linaloletwa na matairi kutoka mitaa isiyo na lami, hufifia mapema. Bajeti isiyo na rangi ya kurudia ni bajeti ya kuchora mara moja na kupiga picha.

Sasa kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita mji mmoja wa kanda hii ya kati, sitautaja, uliniomba nipange ushushaji mizigo kwenye mtaa wa maduka. Nilihesabu vizuri, wiki nzima, mpaka Jumapili. Ikaonekana wazi: malori yashushe alfajiri kabla maduka hayajapata wateja, basi. Nikaandika maneno ya bango: KUSHUSHA MIZIGO TU 12:00 – 2:00. Kichwani mwangu hiyo ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili. Fundi wa mabango akaandika nilivyoandika, kwa herufi nzuri sana.

Siku nne za kwanza zilikuwa tulivu, kwa sababu malori hayakuja kabisa. Siku ya tano, Ijumaa, adhana ya swala imeshaanza, mafuso matatu yakaingia mtaa ule kwa pamoja. Msikiti ulikuwa hatua mia moja mbele. Watu wametoka makazini na pikipiki na magari, wanatafuta pa kuyaacha, na makuli wanakatiza kati yao na mabati. Nilipofika nilimkuta dereva mmoja mtu mzima amekaa kwenye kivuli cha lori lake, anakunywa maji. Nikamsalimu, shikamoo, akaitikia, halafu akanionyesha simu yake. "Simu yangu inasema 12:00," akasema. "Bango linasema 12:00. Wewe mwenzangu unasema ngapi?"

Sikuwa na la kujibu. Sisi tunaoishi na saa mbili kwa wakati mmoja, ya mdomoni na ya kwenye kioo cha simu, tunahama kutoka moja kwenda nyingine bila kujua tumehama. Mdomoni tunaanza kuhesabu jua likichomoza. Simu inaanza usiku wa manane. Mtu akisema "tuonane saa mbili" hatuulizi, tunajua kwa mazingira. Bango halina mazingira. Tangu siku ile naandika kwa kirefu, "saa 12 asubuhi hadi saa 2 asubuhi", nachora na lori dogo pembeni, na naomba dereva mmoja asome kwa sauti kabla rangi haijakauka.

Hilo ndilo ningekuomba ufanye na rasimu ya kanuni ikifika mtaani kwako. Sheria ndogo ya jiji haianzi kutumika kwa kutangazwa na gari la vipaza sauti. Kwa utaratibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, wakazi wanapewa taarifa ili watoe maoni au pingamizi, Baraza la Madiwani linaipitisha, Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa anaidhinisha, kisha inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Dirisha la maoni ndilo watu wengi hulikosa, kwa sababu tangazo linabandikwa ofisi ya kata, na sisi tunakwenda ofisi ya kata tukitaka barua ya utambulisho tu. Ukienda, peleka karatasi yenye saa: mzigo wako unafika lini, unashuka kwa muda gani, kwa gari la ukubwa gani, na mwezi gani unazidi. Uliza pia "kushusha" kumefafanuliwaje. Je, lori likisubiri risiti ya EFD bado linashusha? Likisubiri kuli aliyekwenda kunywa chai? Rasimu isiposema, atasema mwenye mnyororo wa kufungia tairi.

Lile bango langu la 12:00 – 2:00 lilishushwa Jumatatu yake. Mwaka uliofuata nilipita kwa yule fundi, nikalikuta limeegemezwa mlangoni pake. Alikuwa ameligeuza, na upande wa nyuma, kwa herufi zilezile nzuri, ameandika: TUNAFUNGUA 2:00.