Je, wajua kwa nini Udzungwa ina wanyama wasiopatikana kwingine duniani?

Inasimuliwa kwamba mwaka 1991 watafiti waliopiga kambi katika milima ya Udzungwa, Tanzania, walichungulia sufuria ya kitoweo wakaona miguu ya ndege wasiyemjua. Haikuwa ya kuku wala kanga. Walipomtafuta msituni akiwa hai, wakakuta ni kwale ambaye sayansi haikuwa na habari zake, na jamaa zake wa karibu wako Asia.

Hakuwa wa kwanza. Mwaka 1979, karibu na Sanje, watafiti walisikia mlio wa kima mgeni kwao. Mwenyeji waliyekuwa naye akawaambia huyo ni ngolaga, mbona anajulikana. (Ndiyo maana neno "kugundua" hunitatiza kidogo.) Mwaka 2008 akatangazwa sengi mwenye uso wa kijivu, mnyama wa gramu 700 hivi mwenye pua kama kamkonga.

Siri iko baharini. Pepo za Bahari ya Hindi huja zimebeba unyevu. Zikifika milimani hupanda, hupoa, na unyevu ule hugeuka ukungu na mvua. Zamani sana, dunia ilipopoa na Afrika ikakauka, misitu mingi ilikufa ikawa nyika. Huku mvua ya bahari haikukatika. Msitu ukadumu mamilioni ya miaka, na waliokuwamo wakadumu nao.

Kisha tazama ramani. Udzungwa iko upande wa kusini wa Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita kule Kenya na kupitia Upare, Usambara na Uluguru. Kati ya mlima na mlima ni nyanda kavu zenye joto. Kwa chura wa msituni, uwanda ule ni sawa na bahari: havuki. Basi kila mlima ukawa kisiwa, ukalea wanawe kivyake. Chura wa Kihansi, kwenye milima hiyohiyo ya Udzungwa, aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko mamoja tu. Maji yalipopelekwa kuzalisha umeme mwaka 2000, manyunyu yakapungua, na 2009 ikatangazwa kwamba ametoweka porini. Waliorudishwa mwaka 2012 walizaliwa Marekani, kwenye bustani za wanyama.

Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na ukienda usitegemee kukaa garini. Hapa ni miguu. Barabara ya Mikumi kwenda Ifakara inapita ukingoni: mkono huu miwa, mkono ule msitu. Mang'ula ndipo unapompata mwongozaji, na ukibahatika mbega wekundu watakukagua kabla hujaanza kupanda. Njia ya maporomoko ya Sanje, yenye mita 170, ni mlima kweli kweli. Beba koti la mvua, hata kama huko chini jua linawaka.