Aya zinazofanana matamshi: maana ya mutashabihi lafdhi

Mutashabihi lafdhi ni aya mbili au zaidi za Qur'ani zenye maneno karibu yale yale, ila zimepishana kwa neno moja, kwa herufi au kwa kilichotangulizwa na kilichocheleweshwa. Zisichanganywe na mutashabihati zinazotajwa katika Aal Imran aya ya 7. Zile ugumu wake uko kwenye maana. Hizi maana yake kwa kawaida iko wazi, na swali ni kwa nini huku imesemwa hivi na kule vile.

Zinawasumbua zaidi wanaohifadhi. Katika vyuo vya Lindi, Kilwa Kivinje au Mikindani, mwanafunzi akisikilizwa na ustadhi anaweza kuanza kisa cha Musa na wachawi ndani ya A'raf akajikuta yuko Shu'araa. A'raf 111 ina "wa arsil", Shu'araa 36 ina "wab'ath", yote mawili yakiwa na maana ya "na tuma", na maneno mengine ya aya hizo mbili ni yale yale. Kumwambia arudie tu hakutoshi, maana anaweza kuwa anaukaza mchanganyo wenyewe. Afunue aya zote mbili, apige mstari kwa penseli chini ya neno lililopishana, kisha aelezwe sababu yake. Sababu ndiyo inayoshika.

Mfano mzuri ni katazo la kuua watoto. An'am 151 inasema "min imlaaq", yaani kwa sababu ya ufukara, halafu "nahnu narzuqukum wa iyyaahum": Sisi tunakuruzukuni nyinyi na wao. Israa 31 inasema "khashyata imlaaq", kwa kuogopa ufukara, halafu "nahnu narzuquhum wa iyyaakum": tunawaruzuku wao na nyinyi. Wafasiri wameeleza kwamba aya ya kwanza inamsemesha mtu ambaye ufukara umeshamkuta. Huyo wasiwasi wake wa kwanza ni tumbo lake, kwa hiyo akaanza kuhakikishiwa yeye. Wa pili anacho, ila anahofu watoto watamfilisi, ndiyo maana riziki yao ikatangulia. Aliyeelewa hivyo akishatamka "khashyata" hawezi tena kumalizia na "narzuqukum".

Anayetafuta sababu asianze na neno lenyewe. Asome kwanza aya tatu nne zilizotangulia na zinazofuata, aangalie nani anasemeshwa na sura inazungumzia nini, ndipo alinganishe tofauti na mazingira hayo. Mwishoni arejee tafsiri zinazotegemewa, kwa sababu fani hii imeandikiwa vitabu vyake tangu zamani. Al-Khatib al-Iskafi, mmoja wa waandishi wake, alifariki mwaka 420 Hijria.

Kosa kubwa ni kulazimisha siri kila mahali. Baqara 58 imetanguliza kuingia mlangoni kwa kusujudu kabla ya kusema "hitta", yaani tuondolee dhambi. A'raf 161 imegeuza. Zimetolewa hekima nyingi hapo, lakini jibu la msingi ni la sarufi tu: wawu, herufi ya Kiarabu yenye maana ya "na", huunganisha, haifungi mpangilio, kwa hiyo hakuna mgongano wa kutatuliwa. Mengine yote ni ziada, na mengine yananing'inia.

Kosa la pili ni kusahau visomo, yaani njia za kuisoma Qur'ani zilizopokewa kutoka kwa maimamu wa usomaji. Kwa kisomo cha Hafs, kilicho katika misahafu mingi ya huku kwetu, A'raf 112 ina "saahir", mchawi, na Shu'araa 37 ina "sahhaar", mchawi aliyebobea. Mtu anaweza kujenga hoja ndefu juu ya tofauti hiyo. Lakini Hamza na Kisai, wawili kati ya maimamu hao, wanasoma "sahhaar" hata pale A'raf, na kwa kisomo chao tofauti yenyewe haipo. Kwa hiyo anayeifasiri aseme wazi kwamba anazungumzia kisomo cha Hafs na wanaokubaliana naye.