Si uzee ulioiangusha Nine-O-Nine

Kila ndege ya vita ya zamani ikianguka maneno ni yale yale, "chuma cha miaka 70 mnakipeleka angani cha nini?" Mimi nafundisha ufundi wa ndege na kauli hii inaniuma, maana inaficha kilichotokea kweli.

Asubuhi ya tarehe 2 Oktoba 2019, uwanja wa Bradley, Connecticut, Marekani, B-17, ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu yenye injini nne, iliyopakwa jina la Nine-O-Nine iliruka na watu 13, kumi kati yao abiria waliolipia waonje ndege ya Vita ya Pili ya Dunia ilikuwaje. Dakika chache tu injini ikasumbua, ikageuza kurudi, haikufika kwenye ranwei, ikagonga taa za kuongozea kutua, ikaacha njia ikavamia matangi ya dawa ya kuyeyushia barafu na kuwaka moto. Watu 7 walikufa, wakiwemo marubani wote wawili.

Na ndege yenyewe ilikuwa imepitia mambo jamani. Mwaka 1952 iliwekwa kwenye majaribio ya nyuklia, milipuko mitatu, ikabaki imesimama. Ikauzwa kama chuma chakavu, ikafufuliwa, ikamwaga maji kwenye mioto ya misitu kama miaka 20 hivi, ndo miaka ya 80 ikarudishiwa sura yake ya vita. B-17 zilitengenezwa 12,731, leo zinazoweza kuruka hazifiki hata kumi.

Sasa sikilizeni kilichoiua. Injini yake moja ina silinda 9 na plagi 18, na magneto mbili za kutoa cheche, ili moja ikifa nyingine iendelee. Kwenye injini namba 4, ya kulia kabisa, waya wa kuzimia magneto ulichomoka mahali pake kwa sababu haukufungwa vizuri, ukagusa bodi, magneto ikanyamaza. Fundi pikipiki yeyote analijua hili, waya wa kuzimia ukigusa bodi hupati cheche hata upige kiki mpaka jioni. Haya, na ile magneto ya pili? Pointi zake, vile vyuma vya kukata umeme ili cheche itoke, mwanya wake haukufika hata nusu ya unaotakiwa, cheche dhaifu. Ukija injini namba 3, upande huo huo wa kulia, plagi zake zote mwanya umepita kipimo na zimechafuka! Yaani ni feeler geji ya kupimia mwanya na waya wa sefti wa kufungia kitu kisichomoke, vitu vya kushika mkononi, hapo uzee uko wapi?

NTSB, wachunguzi wa ajali wa Marekani, kosa kubwa waliliweka kwa rubani: aliizima namba 4 halafu akashusha magurudumu mapema, yakakokota upepo, spidi ikaisha, wakati pengine angefika. Simhukumu marehemu, alikuwa na masaa zaidi ya 7,000 kwenye B-17. Ila yeye ndo alikuwa pia msimamizi wa matengenezo ya ndege hiyo hiyo, na hapo ndo mimi nasimama, maana ukijikagua mwenyewe nani atakwambia plagi zimechoka? Machi 2020 FAA, mamlaka ya anga ya kule, ikaifutia taasisi iliyoimiliki kibali cha kubeba abiria wa kulipia.

Siku ukipata nafasi ya kupanda ndege kama hii, kabla hujatoa hela uliza nani anairusha na nani anasaini kitabu cha matengenezo.