Tanuri la jua na neno linalotupoteza

Juzi tena nimemsikia muuza mbao anamwambia mteja "hizi zimetoka kwenye tanuri la jua kabisa", nikazunguka nyuma kuangalia nikakuta paini imelundikwa ubao juu ya ubao, hakuna kijiti hata kimoja katikati, imefunikwa nailoni nyeusi na imezibwa pande zote, ukiingiza mkono unautoa umelowa. Lile sio tanuri la jua, ile ni kuvundika, kama tunavyovundika ndizi.

Maana yake kwa kifupi: tanuri la jua ni kibanda cha kukaushia mbao chenye paa la kupitisha mwanga, ndani kuna bati lililopakwa rangi nyeusi linalopata moto, feni inayosukuma hiyo hewa ya moto ipite katikati ya mbao zilizopangwa kwa vijiti, na matundu ya kutolea hewa iliyobeba maji. Basi.

Shida naiona kwenye neno lenyewe. Tanuri tumelitoa kwa Waarabu, tannur, jiko la kuokea mkate, na Wahindi wana tandoor yao ya ukoo huohuo. Pwani tunajua tanuri la chokaa, matumbawe yanapangwa na magogo yanachomwa mpaka yawe unga, na msomaji wa Biblia akisikia tanuru anakumbuka Shadraka, Meshaki na Abednego ndani ya moto. Hata Waingereza kiln yao inatoka kwenye neno la Kilatini la jiko. Yaani kila upande neno limezaliwa jikoni, kwa hiyo mtu akisikia tanuri anafikiria kuoka, na mtu anayeoka lazima afunge mlango joto lisitoke. Ndo hapo mbao zinaharibika.

Kinachokausha mbao ni hewa kavu inayopita na kuondoka na maji, joto kazi yake ni kuyafanya maji yatembee kutoka ndani ya ubao na kuifanya hewa iwe na njaa ya unyevu. Ukiziba, hewa inashiba ndani ya muda mfupi, mvuke unageuka matone kwenye nailoni na kudondokea mbao, na paini ikikaa hivyo siku chache inaingia ukungu na yale mabaka ya bluu. Kazi hii Kiswahili tayari kina neno lake, KUANIKA, na mwenzake KUANUA. Mama anayeanika mpunga hauachi tu juani, anaugeuza, anaangalia wingu, na anajua saa ya kuanua. Tanuri la jua ni kuanika ambako umeshika wewe kiasi cha joto, upepo na unyevu, na mvua haikugusi.

Na hapa ndo watu wanakosea wakisema "nimeliboresha", ukiuliza umeboresha nini utasikia nimeongeza joto. Ubao ukiwa mbichi, yale maji ya kwanza yanatoka bila ubao kusinyaa, kusinyaa kunaanza unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi (unapima uzito wa maji dhidi ya uzito wa ubao uliokauka kabisa, kipande cha gramu 150 kikibaki 100 basi kilikuwa na asilimia 50). Sasa ukiupiga mkaratusi joto kali siku za mwanzo, ngozi ya nje inakauka na kukaza wakati ndani bado kumejaa maji, unapasuka, au unabaki mzima kwa macho halafu ukiuchana kwa msumeno unabana blade na kujikunja. Paini inavumilia haraka, mkaratusi hauvumilii. Kuboresha kwa kweli ni vijiti vya unene mmoja, kama inchi moja, vilivyonyooka mstari mmoja kutoka chini mpaka juu, uzito juu ya rundo, rangi nzito kwenye ncha za mbao, na feni ya paneli ya sola iliyounganishwa moja kwa moja ili jua likizama nayo inalala. Usiku ule banda linapoa, unyevu wa hewa unapanda, ngozi ya ubao inalainika kidogo na ile mikazo inalegea. Wengine wanawasha jiko la mkaa usiku kucha wasipoteze muda, wanapoteza faida kubwa kuliko zote iliyokuja bure.

Kuna faida ya kweli ya kuhangaika hivi. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi, ubao ulioanikwa nje hata mwaka mzima unagota kwenye asilimia 14 au 15, ukitengenezea meza ya ofisi yenye AC inaendelea kukauka humo ndani mpaka 9 hivi na maungio yanaachia, mteja anakulaumu wewe fundi. Tanuri la jua linaushusha ubao chini ya hapo kabla hujaanza kuuunganisha.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye nailoni nyeusi, juhudi yako naiheshimu na hujaharibu bado. Fumua hilo rundo, weka vijiti, fungua tundu chini upande mmoja na jingine juu upande wa pili, na kama neno tanuri linakutia hamu ya kuziba, liite tu kichanja cha jua.