Nyumba mpya nayo inaweza kuwa na radoni

Jamani hii habari kwamba radoni, ile gesi yenye mionzi, ni shida ya nyumba kuukuu zenye besimenti (chumba cha chini ya ardhi) iliyopasuka imezunguka miaka na miaka huko Iowa, Marekani, na wala si kweli. Gesi yenyewe inatoka ardhini, uraniamu iliyomo kwenye udongo na mawe inavunjika taratibu ndo inaizalisha, haina rangi wala harufu, inapenya kwenye nyufa na pale bomba linapotoboa sakafu, na nyumba mpya iliyozibwa vizuri kuzuia baridi ikishaingia inabaki humo humo. EPA, shirika la mazingira la serikali ya Marekani, wameziweka kaunti zote 99 za Iowa kwenye kanda ya hatari ya juu, zote! Na usiniambie jirani kapima yake iko poa, nyumba zinazopakana zinaweza kupishana mbali kabisa.

Kipimo ni kipakiti cha mkaa tu: funga madirisha masaa 12 kabla, kiweke chumba cha chini kabisa mnachokaa, kiache siku chache kama maelekezo yanavyosema, halafu kiposti maabara fasta. Majibu yakisoma pikokyuri (kipimo cha mionzi) 4 kwa lita ya hewa au zaidi ita fundi aweke bomba na feni ya kuvuta hewa chini ya sakafu ikatokee juu ya paa. Kufungua dirisha haitoshi, ukifunga tu inajaa tena.