Sahani ya Kwanza ya Mbwa Aliyeokolewa

Simu nyingi ninazopigiwa huanza hivi: "Daktari, tumemwokota mbwa, amebaki mifupa mitupu. Tumempa ugali na mchuzi, kala wote, kamaliza." Hapo hapo nauliza alikula saa ngapi, na kiasi gani.

Mbwa aliyekaa na njaa wiki nyingi mwili wake umeshaacha kutegemea wanga. Anaishi kwa kuyeyusha mafuta yake, na yakiisha anaila misuli yake mwenyewe. Wakati huo akiba ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu imekwisha mwilini, hata kama kipimo cha damu kinasoma vizuri. Akishindiliwa ugali, sukari hupanda ghafla, kongosho humwaga insulini, na insulini huyasukuma madini hayo machache yatoke kwenye damu yaingie ndani ya seli. Misuli ya kupumua inalegea, moyo unakosa mpangilio, chembe nyekundu za damu zinapasuka. Siku ya pili au ya tatu mbwa anaanza kuyumba na kuhema kwa shida, kisha anakufa. Watu husema alichelewa kuokolewa. Mara nyingine hakuchelewa.

Jike mmoja niliitiwa kwenye jumba ambalo ujenzi wake ulikuwa umesimama. Aliyekuwa akiishi pale alihama akamwacha na mnyororo shingoni. Mnyororo ulikuwa umezama kwenye nyama. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, kwa hiyo kabla sijaukata nilipiga picha: kidonda, mnyororo, bakuli kavu. Nawasihi wote mnaookoa mbwa mfanye hivyo, kwa sababu kidonda kikishaoshwa ushahidi umeondoka nacho.

Alikuwa na kilo 9. Mbwa wa uzito huo, hata akilala tu, anahitaji takriban kilokalori 360 kwa siku. Siku ya kwanza nilimpa robo yake: yai moja la kuchemsha na kipande kidogo cha samaki, nikavigawa mara nne, kila baada ya saa sita. Ndiyo, yai moja kwa siku nzima, naye ananitazama kwa macho yale. Nilimwongezea kidogo kidogo, na siku ya tano ndipo alipofikia kiasi kamili. Protini na mafuta kwanza. Ugali ulisubiri hadi wiki ya pili.

Fizi zake zilikuwa nyeupe kama karatasi, dalili ya kupungukiwa damu. Kupe ndio waliomwachia ugonjwa uliommalizia damu, na doksisaiklini, dawa ya antibiotiki, ya siku 28 ilitosha. Upele nao una dawa nzuri sana siku hizi, kidonge kimoja tu na ngozi inaanza kupona. Oili chafu ya gari msimpake mbwa, nawaomba. Inapenya kwenye ngozi iliyochubuka, naye anailamba, ini na figo zinaumia.

Kilichomfanya atupwe, nadhani, ni damu iliyokuwa ikimtoka nyuma. Wengi huamini mbwa kama huyo ana kaswende, au joto la kutaka dume lisiloisha. Ni uvimbe, saratani ya ajabu inayoambukizwa wakati wa kupandana: seli zenyewe za saratani ndizo zinazohama kutoka mbwa mmoja na kuota kwa mwingine. Ukiuona unafanana na koliflawa inayotoa damu, unaweza kudhani hakuna la kufanya. Kumbe sindano ya vinkristini, dawa ya saratani, mara moja kwa wiki, kwa wiki nne hadi sita, huumaliza kwa mbwa walio wengi. Kwa huyu zilikuwa tano. Tulianza baada ya damu yake kurudi, kwa kuwa dawa hiyo hushusha chembe nyeupe za damu, kisha tukamfunga kizazi.

Usalama wenu nao ni jambo la kwanza. Mbwa usiyemjua mhesabu kuwa huenda ana kichaa. Vaa glavu, mrushie blanketi, usimwinamie usoni. Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo ukaanze chanjo. Kwa binadamu, dalili za kichaa zikishatokea, karibu hakuna anayepona.

Kumtafutia makao kulinichukua muda mrefu kuliko tiba. Swali la kwanza la wanaokuja ni moja: "Ni mkali?" Nami nauliza langu: nani atampikia? Baba mwenye nyumba akisema atampikia yeye, naomba nimwone dada wa kazi na mlinzi, maana wao ndio watakaobaki na mbwa mchana kutwa. Familia moja ilinielewa. Dada wao alikuja mara tatu. Mara ya kwanza alisimama mlangoni, kwani utotoni aliwahi kung'atwa. Mara ya pili aliketi kwenye ndoo, mbali kidogo, akichambua mchicha aliokuja nao, na mbwa akamsogelea akalala. Mara ya tatu alileta yai la kuchemsha kwenye mfuko wa gauni, akalimenya, akalikata mapande manne.

Kwenye kadi ya chanjo pana sehemu ya simu ya mwenye mbwa. Niliandika namba ya yule dada.